Lifti za Watu Wawili Ujerumani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Hela za Kuhesabu

Tikiti ya treni ya kasi kutoka Berlin hadi Köln, ukiinunua siku ya safari, inaweza kumaliza hela ya chakula cha wiki nzima cha mwanafunzi. Ndiyo maana wengi wetu tunaoishi huku tunajifungia chumbani likizo nzima, na mwisho wa masomo mtu anarudi nyumbani akiwa ameijua Ujerumani ya maktaba, supamaketi na ofisi ya uhamiaji tu. Lifti, yaani kuomba kubebwa bure kwenye gari la mtu, inaondoa kikwazo hicho. Ukiwa na mwenzako mmoja mnayeaminiana, inawezekana kabisa kuvuka nchi hii bila kulipa nauli, na kwa usalama, ilimradi mjue kazi inafanyikia wapi.

Jibu ni moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: kazi ya lifti inafanyikia sheli, haifanyikii barabarani. Wanaosimama kando ya barabara na kidole gumba juu wanasubiri bahati. Wanaohama kutoka sheli moja ya Autobahn, yaani barabara kuu ya kasi, hadi nyingine, wakiongea na madereva uso kwa uso, wanafika.

Nitatumia njia ya Berlin hadi Köln kama mfano, karibu kilomita 575, kwa sababu ina kila kitu ambacho mtakutana nacho kwingine.

Mwenzako ni nani?

Hili lije kabla ya ramani na kabla ya begi. Rafiki mzuri wa kupiga naye stori si lazima awe mwenza mzuri wa lifti. Mnahitaji kulingana katika mambo matatu: subira, mfuko na karatasi. Asiyeweza kukaa saa mbili sheli bila kununa atawafanya mpande gari ambalo hamkupaswa kulipanda. Mwenye hela kuliko mwenzake atataka kukata tiketi mambo yakiwa magumu, na mwingine ataburuzwa kwenye gharama asiyoimudu. Na mmoja akiwa na kibali cha kuishi kilichokwisha muda, safari yote iko hatarini, pamoja na dereva aliyewasaidia.

Msichana na mvulana wakiwa pamoja hupata gari haraka. Wasichana wawili hupata haraka pia, ila wanapaswa kuchuja zaidi. Vijana wawili wa kiume husubiri zaidi, na hapo nguo safi na sauti ya upole ndiyo mtaji wenu. Na tuliseme wazi: sisi weusi tutakataliwa na baadhi ya watu kwa sababu ya rangi yetu. Wengi hawasemi, unakiona kwenye mlango wa gari unaofungwa haraka. Usibishane, usiulize kwa nini. Mtu huyo ungekaa naye saa tatu ndani ya gari. Ni heri amejionyesha mapema. Nenda kwa anayefuata, na wapo wengi wenye moyo.

Kabla ya siku ya safari kubalianeni haya, na myaseme kwa mdomo badala ya kudhania mmeelewana:

- Hatutengani. Gari lenye nafasi moja si letu, hata likiwa linaenda hadi mlangoni tunakokwenda.
- Mmoja akisema hapana kwa gari fulani, ni hapana, na hadaiwi maelezo palepale.
- Hatulali wote wawili kwa wakati mmoja ndani ya gari.
- Tuna sentensi moja ya kawaida ya Kiswahili ambayo maana yake ni "tushuke". Mfano: "Nadhani nimesahau chaja." Isiwe ya ajabu, iwe inatamkika bila dereva kushtuka.

Karatasi na sheria

Kuomba lifti Ujerumani ni halali. Kisichoruhusiwa ni kuingia kwa miguu kwenye Autobahn, na gari kusimama humo, hata kwenye bega la barabara. Kifungu cha 18 cha sheria za barabarani, StVO, kinasema hivyo bila kuficha. Vituo vya mapumziko vyenye sheli, vinavyoitwa Raststätte, viko kando ya Autobahn yenyewe na mnaruhusiwa kuwemo. Pia mnaweza kusimama kabla ya kibao cha buluu cha kuanzia Autobahn, panapokuwa na nafasi ya gari kusimama bila kuziba wengine.

Bebeni pasipoti halisi pamoja na kadi ya kibali cha kuishi, sio picha kwenye simu. Kwa vibali hivyo vya Ujerumani mnaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja, kwa siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo humo. Uswisi imo. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo msidanganyike na habari kwamba Ulaya haina mipaka. Kama gari linaelekea Poland, Uholanzi au Austria, mwambieni dereva mapema kwamba karatasi zenu ziko kamili, na zitoeni mkononi kabla hajauliza. Dereva anayekutwa amebeba wageni wasio na karatasi anaweza kuhojiwa kama msafirishaji haramu wa watu, na madereva wengi wanalijua hilo. Wengine huwanyima lifti kwa hofu hiyo tu, na kadi mkononi huiondoa.

Bebeni kadi ya bima ya afya pia. Kwa wenye bima ya umma, upande wa nyuma wa kadi ndiyo bima yenu ya Ulaya mkivuka mpaka. Namba za dharura ni 112 kwa ambulensi na zimamoto, 110 kwa polisi.

Begi

Liwe dogo. Begi ambalo linakaa mapajani ni bora kuliko lile la kuwekwa kwenye buti. Ndani: koti la mvua, maji, chakula, pawabenki iliyojaa, maka peni nyeusi nene, vipande viwili vya boksi, na kizibao cha kuakisi mwanga kama kuna uwezekano wa giza kuwakuta njiani. Chakula nunueni supamaketi kabla. Sheli za Autobahn zinauza chupa ya maji kwa bei ya kuumiza. Mkisafiri Jumapili, nunueni Jumamosi, maana Jumapili karibu supamaketi zote zimefungwa. Wekeni pia sarafu chache: choo cha Raststätte nyingi ni euro 1, na risiti yake inakupa punguzo la euro hiyo hiyo ukinunua kitu dukani. Pakueni ramani ya njia nzima kwenye simu. Kuna sehemu mtandao unapotea kabisa.

Siku na saa

Ondokeni asubuhi. Saa moja muwe tayari mko sheli, au saa mbili kamili wakati wa baridi. Desemba, Berlin jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni linawaka hadi baada ya saa tatu usiku, na tofauti hiyo ndiyo inaamua mnaweza kwenda mbali kiasi gani. Ijumaa mchana barabara zimejaa watu wanaorudi makwao kutoka mji wanaofanyia kazi, na Jumapili jioni wanarudi tena kazini. Hizo ni nyakati nzuri. Jumapili malori yenye uzito wa zaidi ya tani 7.5 hayaruhusiwi kutembea hadi saa nne usiku, lakini ninyi hamwindi malori.

Kwa nini? Kabini nyingi za lori zina kiti kimoja tu cha abiria, na kampuni nyingi haziruhusu madereva wao kubeba mtu. Juu ya hayo lori linakwenda kilomita 80 kwa saa, na dereva akishaendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kwa mtu mmoja asiye na haraka ni sawa. Kwa wawili, tafuteni gari dogo lenye viti vya nyuma vitupu. Na lori lililofunga mapazia kabisa msiligonge kioo: mtu amelala.

Kutoka mjini

Hapa ndipo wengi wanapochoka kabla ya kuanza. Msisimame katikati ya Berlin. Pandeni treni ya kawaida hadi Michendorf, kusini-magharibi, kisha tembeeni hadi Raststätte Michendorf iliyo kwenye barabara ya mzunguko ya A10. Ina pande mbili, na magari ya upande mmoja hayawezi kuwapeleka upande wa pili. Ninyi mnataka Michendorf Nord, inayohudumia magari yanayokwenda magharibi: baadhi yatakata kushoto kuingia A9 kwenda Leipzig na München, mengine yataendelea hadi A2 kwenda Hannover. Hayo ya A2 ndiyo yenu.

Fanyeni hivyo kwa kila mji: tafuteni kwenye ramani Raststätte ya kwanza baada ya mji kwenye upande mnaokwenda, halafu angalieni treni au basi gani linafika karibu. Tovuti ya Hitchwiki, inayoandikwa na wasafiri wenyewe, ina maelezo ya miji mingi. Itumieni, ila hakikisheni kwenye ramani, maana vituo vinafungwa na kukarabatiwa.

Kuomba

Huku mtu anajaza mafuta kwanza, kisha anaingia ndani kulipa. Kwa hiyo dereva anapita mara mbili kwenye mlango wa duka, na mara ya pili, akiwa anatoka, ameshamaliza shughuli zake, pochi iko mfukoni, na akili imerudi barabarani. Hapo ndipo pa kumuuliza. Anayemfuata mtu kwenye pampu, mkono mmoja umeshika bomba, anamshtua. Na msimwendee kwa nyuma. Simameni mahali anapowaona tangu mbali, aone nyuso na mabegi yenu, ajue mapema mnataka nini.

Mmoja aulize, mwingine asimame hatua chache pembeni, aonekane, atabasamu. Wawili wakimzunguka mtu mmoja anaona ametegwa. Lakini msimfiche mwenzako hadi dakika ya mwisho: sema "sisi" tangu sentensi ya kwanza. Kijerumani cha kutosha ni hiki:

"Entschuldigung, fahren Sie zufällig Richtung Hannover? Könnten Sie uns zwei ein Stück mitnehmen?"

Yaani: samahani, je, unaelekea upande wa Hannover, unaweza kutupeleka sisi wawili kipande cha njia? Hilo neno la "kipande" lina kazi kubwa. Ukisema Köln, aendaye Hannover atajibu hapana na kuondoka, kumbe angewasogeza kilomita 250. Ulizieni mwelekeo, msiulizie mwisho wa safari.

Kabla ya kuuliza, soma namba ya gari. Herufi za mwanzo zinaonyesha gari limesajiliwa wapi: B ni Berlin, H ni Hannover, HH ni Hamburg, K ni Köln, L ni Leipzig, M ni München. Gari la K likiwa Michendorf Nord Jumapili mchana, kuna uwezekano mkubwa linarudi nyumbani. Si uhakika, kwa sababu tangu 2015 mtu anaruhusiwa kuhama mji akabaki na namba zake za zamani, lakini inatosha kuwaambia nani wa kuanza naye.

Bango nalo lina nafasi yake. Andika H au HANNOVER kwa herufi nene na mliegemeze kwenye begi wakati mkiuliza. Dereva anayewaona akiwa bado ndani ya gari anapata dakika ya kufikiri, na wengine huja wenyewe.

Kuhusu hela. Kwetu lifti mara nyingi ni nauli kwa jina jingine. Ukishuka unatoa chochote. Huku ni bure, na ukimpa mtu euro tano anaweza hata kuona umemkosea. Anayetaka malipo husema mwanzoni; mshukuruni, mwambieni hamna, basi. Zawadi ndogo inapokelewa vizuri sana, iwe chungwa, biskuti au kahawa.

Kabla ya kuingia ndani

Kwanza mwenye maamuzi ya mwisho ni yule ambaye hakuuliza. Yeye ametazama kwa utulivu wakati mwenzake anaongea: macho ya dereva, harufu ya pombe, kama maneno yake yanabadilikabadilika, kama amewauliza maswali ambayo si ya mtu wa lifti. Kisha muulizeni dereva anashukia wapi hasa, kabla hamjamtajia mnakotaka kushuka ninyi. Mmoja apige picha namba ya gari waziwazi na kumtumia rafiki aliyebaki nyumbani, huku mkimwambia dereva kwa upole kwamba mmeahidi kufanya hivyo. Dereva mwema hachukii. Akichukia, mmeshapata jibu.

Anayejua Kijerumani zaidi akae mbele. Mwingine akae nyuma, upande wa abiria, siyo nyuma ya dereva, ili amwone uso. Fungeni mikanda. Begi la pasipoti na simu lisiende kwenye buti kamwe. Kama begi kubwa limewekwa buti, wakati wa kushuka mmoja anatoka na kulichukua, mwingine anabaki amekaa na mlango wazi hadi begi liwe chini. Kwa msafiri wa peke yake ujanja huu hauwezekani.

Ndani ya gari msiongee Kiswahili muda mrefu. Mtu anayesikia wageni wawili wakinong'ona lugha asiyoijua anaingiwa na wasiwasi kwenye gari lake mwenyewe. Mkihitaji kusemezana, mwambieni mnachosemezana. Mara nyingi dereva amewachukua kwa sababu anataka mtu wa kuongea naye, kwa hiyo mpeni stori. Atauliza mnatoka wapi. Semeni, na muulize yeye naye. Kwenye A2 mtapita Helmstedt-Marienborn, palipokuwa na kituo kikubwa zaidi cha mpaka kati ya Ujerumani Mashariki na Magharibi, na madereva wenye umri wana mengi ya kusimulia juu ya foleni na upekuzi wa pale. Ulizeni.

Kama hali si shwari, sentensi ya chaja inasemwa, kisha mmoja anamwambia dereva: "Mir ist schlecht, können Sie bitte an der nächsten Raststätte anhalten?" Najisikia vibaya, tafadhali simama kituo kinachofuata. Hakuna anayetaka mtu atapike kwenye viti vyake. Asiposimama, pigeni 110 mbele yake, kwa sauti.

Mahali pa kushuka

Nasisitiza hapa kuliko popote, maana hapa ndipo safari inapofia. Dereva wenu anaenda Hannover mjini na kwa wema wake anataka kuwafikisha stesheni kuu. Kataeni kwa shukrani. Mkishaingia mjini, mtatumia saa mbili kutoka. Mwombeni awaache kwenye Raststätte ya mwisho kabla hajatoka kwenye Autobahn; kwa njia hii mfano mzuri ni Zweidorfer Holz, kati ya Braunschweig na Hannover. Hapo mnapata magari yanayopita Hannover moja kwa moja. Kama dereva anavuka Hannover, afadhali Garbsen upande wa pili, au mbele zaidi, Auetal, Gütersloh au Rhynern. Baada ya hapo mnaingia A1, na vituo vyenu ni Lichtendorf na Remscheid.

Fungueni ramani tangu mnapoingia na mjue kituo chenu kabla hakijafika, kwa sababu akikipita hawezi kurudi nyuma. Epukeni mambo mawili. La kwanza ni maegesho yasiyo na sheli: yana choo na meza za mawe, magari machache, na usiku hakuna mtu. Bora kushuka mapema kwenye sheli yenye watu kuliko kilomita 60 mbele kwenye maegesho matupu. La pili ni Autohof, sheli kubwa za malori zilizo nje kidogo ya njia ya kutokea. Chakula chake ni nafuu, lakini magari yake yanakwenda pande zote, kwa hiyo mtauliza watu wengi zaidi kabla ya kumpata wa kwenu.

Mkikwama

Saa moja bila gari ni kawaida. Saa mbili, badilisheni: anayeuliza awe mwingine, bango liwe la mji wa karibu zaidi, simameni upande wa kutokea sheli. Saa tatu, kubalini gari lolote salama linalowasogeza hadi sheli kubwa zaidi mbele.

Wekeni mpango wa pili tangu nyumbani. Wenye Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma, wako salama zaidi: ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikawa 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026, na inaruhusu treni zote za mikoa nchi nzima, ingawa si zile za kasi. Wanafunzi wengi wanayo tayari kupitia chuo bila kujua inafika mbali kiasi hicho. Ukiwa nayo, kukwama maana yake ni kumwomba dereva mmoja awafikishe kwenye stesheni yoyote ndogo. Wasio nayo waweke akiba ya basi la usiku, na hela hiyo isiguswe kwa jambo jingine lolote.

Giza likiingia mkiwa bado njiani, msitoke nje ya mwanga wa sheli. Vaeni vizibao, ingieni ndani, na muulizie watu mlangoni tu. Na kama ni mwendo wa mwisho kuingia Köln, mwambieni dereva awaache kwenye kituo chochote cha tramu au treni ya mjini kilicho kwenye njia yake. Msimpotezee muda kutafuta anwani ya mwenyeji wenu. Mkishashuka, mjulisheni yule rafiki mliyemtumia namba za magari kwamba mmefika, wote wawili, kabla hajaanza kuwapigia.